Mbwa Aliyekula Sehemu ya Eliamani

Nanzia amekufa mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinamalizikia, na sasa katika watu tuliokula jikoni kwa Shangazi Namkunda mwaka ule vita kuu ya pili ilipokwisha, nimebaki mimi peke yangu. Tulikuwa mabinamu wa umri mmoja na kitanda kimoja, na kwa mwaka mzima tulitumia hata kitana kimoja, jambo lililotugombanisha kuliko mambo mengine yote. Nilipanda Vudee kwenda kumzika katika gari la mjukuu wangu kutoka Same, nikiwa nimeshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili, maana vijana wa siku hizi huendesha kwenye kona za mlima kana kwamba wana roho ya akiba. Baada ya maziko, wakati wanawake wanaosha masufuria, mmoja wa wajukuu wa Nanzia alimtupia mbwa wa jirani pande la nyama, na mwenzake akamkaripia: "Bibi angekuwepo angekuchapa." Kisha wakanigeukia mimi. Kwa nini Bibi hakutaka kabisa kuona mbwa akilishwa chakula cha mezani? Nikawaambia jibu lake ni refu. Walingoja kidogo kwa adabu, halafu wakarudi kwenye simu zao. Siwalaumu, mimi nilipokuwa na umri wao sikupenda majibu marefu. Lakini swali lao limenikaa kifuani tangu siku hiyo, na kwa kuwa hakuna tena aliye hai wa kunisahihisha, nitaliandika jibu hapa kama ninavyolikumbuka.

Sababu za mimi kupelekwa kuishi kwa shangazi mwaka ule nitaziacha. Zilikuwa shida za wakubwa wangu, na wote wamelala. Ninachotaka kukumbuka ni jiko. Ukisimama mlangoni asubuhi uliona tambarare ya Makanya huko chini, kavu na nyekundu, jua limeshaiwakia, nasi huku juu bado tumejikunyata ndani ya ukungu na khanga zetu zimelowa umande wa migombani. Ndani kulikuwa na mafiga, na juu yake dari ya fito iliyopigwa na moshi mpaka ikang'aa kwa weusi, ambako mahindi ya mbegu yalianikwa. Nyuma ya kiambaza cha miti kulikuwa na mbuzi, wakitafuna majani ya mgomba usiku na mchana, na harufu yao ilikuwa sehemu ya nyumba kama harufu ya moshi. Chungu cha makande kilikaa motoni tangu adhuhuri, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuongeza maji na kuchochea kuni na kujifanya hatuna njaa. Watu wa mikoa mingine hututania kwamba Mpare akikukaribisha makande huwa anahesabu punje. Hawakumjua Shangazi Namkunda. Alikuwa na upawa mkubwa wa mti, mpini wake umelainika kwa kushikwa, na alipopakua hakuangalia sahani, alikuangalia wewe usoni, na hakuacha mpaka aone uso wako umeridhika. Mimi nilikuwa nimetoka katika nyumba ambayo mtu alipakuliwa mara moja na kuambiwa ashukuru. Jioni ya kwanza pale nililia juu ya chakula, na shangazi akadhani hakikunitosha, akaniongeza.

Kila jioni, kabla hajatupakulia sisi, alipakua sahani moja ya bati yenye ukingo wa buluu. Ilikuwa sahani ya Eliamani, mwanawe mkubwa, aliyechukuliwa jeshini na kupelekwa Bama, yaani Burma. Katika nyumba nyingi za kwetu mtu akiwa safarini jina lake hutajwa wakati wa kula, na wengine huweka tonge kando kwa siku mbili tatu, ili aliyeko njiani asipungukiwe. Shangazi alilifanya jambo hilo kwa miaka yote ya vita. Hakuweka tonge, aliweka sahani ya mwanamume mzima anayetoka kulima: makande yamejaa pomoni, juu yake kijiko cha samli, na pembeni kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando. Aliifunika kwa ungo, akaiweka kwenye uchaga ulio karibu na mlango, akasema, "Ya Eliamani hiyo," na ndipo sisi tukala. Asubuhi yake sahani ile haikuruhusiwa kumwagwa, wala mtu mwingine hakuruhusiwa kuila, maana ukila sehemu ya asiyekuwepo ni kama umemwambia asirudi. Ila Karani aliruhusiwa. Karani alikuwa mbwa wa Eliamani, mali yake mwenyewe, na kwa hesabu ya shangazi kilichoingia tumboni mwa Karani hakikutoka nje ya mikono ya mwanawe.

Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, na shingoni alikuwa na baka jeupe lililomzunguka kama kola ya shati, ndiyo maana Eliamani akamwita Karani. Nanzia alinisimulia kwamba siku kaka yake anaondoka, mbwa alimfuata mpaka mwisho wa kijiji, akarudishwa kwa mawe, akafuata tena. Mwishowe Eliamani akarudi naye mwenyewe mpaka mlangoni, akamshika mama yake mkono na kumwambia, "Mama, nitunzie Karani. Nikirudi nimkute." Basi. Wengine waliacha mke, wengine shamba. Yeye aliacha mbwa, na shangazi akalipokea neno lile kama mtu anavyopokea mtoto mchanga aliyefunikwa blanketi. Wakati huo, alisema Nanzia, Karani alikuwa mwembamba mwenye mbavu za kuhesabika, mbwa wa kufukuza ngedere na nguruwe mwitu mashambani, na alikuwa na uwezo wa kuteremka mpaka kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, na kurudi kabla hujamaliza kumwita jina.

Mimi sikumkuta mbwa huyo. Niliyemkuta alikuwa amelala mbele ya moto juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, mpana kama mtungi uliolazwa, na alipotaka kugeuka ubavu aliguna kama mzee. Asubuhi alikula sahani ya Eliamani. Mchana alipewa ugali uliokandwa kwa maziwa kwa sababu, alisema shangazi, meno yake yalikuwa yanamsumbua. Jioni alipewa chake mwenyewe, maana ile ya asubuhi haikuwa yake, ilikuwa ya bwana wake. Palipochinjwa mbuzi kwa ajili ya ubatizo au msiba, shangazi alirudi na kifurushi cha majani ya mgomba, na ndani yake mafuta na maini, na sisi tuliokuwa tumekaa tangu asubuhi tukinusa nyama ile tuliambulia kulamba jani. Alizungumza naye akiwa anapika. Nilizoea kukaa kitandani nyuma ya kiambaza nikimsikia. "Leo mvua imemnyeshea huko," alimwambia mbwa. "Kula, mwanangu, upate joto." Mwanzoni nilidhani anasema na mmoja wetu. Nanzia alikuwa ameacha kuona wivu zamani. Mimi niliona wivu hasa, na siku moja nilimwambia Nanzia kwamba ningependa kuwa mbwa katika nyumba ile. Tulicheka mpaka tukafukuzwa jikoni.

Jirani yetu, Mzee Yeremia, ndiye aliyelisema kwanza kwa sauti. Alikuwa na mbwa watatu wembamba waliolinda mahindi yake, na kila alipopita kuelekea shambani alisimama mlangoni kwetu kuota moto. Sisi tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kututazama, macho yake yote yako kwa Karani.

"Mama Eliamani," alisema siku hiyo, "huyu mbwa unamtunza au unamnenepesha kwa ajili ya sikukuu?"

"Namtunza. Si unaona alivyo na afya?"

"Naona alivyo na tumbo. Sikiliza anavyopumua, hata hajatembea. Mpunguzie chakula, mama, tena mtoe nje akimbie. Vinginevyo mwanao akirudi utamwonyesha ngozi."

Shangazi aliendelea kupembua maharage. Alikuwa mtu mpole, lakini pale niliona vidole vyake vinakwenda haraka zaidi. "Mbwa wako ni wako, Mzee Yeremia," alisema. "Wa Eliamani niachie mimi."

Alipoondoka, Nanzia alijaribu. Alikuwa na ulimi wa moja kwa moja, na aliubeba hivyo hivyo mpaka kaburini. Akasema, "Mama, Mzee Yeremia anasema kweli. Kwa nini tusipakue nusu sahani? Eliamani mwenyewe hayupo, hatajua." Shangazi aliweka ungo chini. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alisema kwa sauti ndogo, "Nikipunguza, nampunguzia nani? Nianze kwa nusu, kesho robo, kesho kutwa nisipakue. Unajua ni nani asiyepakuliwa? Ni yule uliyeshamzika." Kisha akafunika uso kwa khanga yake. Mimi na Nanzia tulikaa tumeinamisha vichwa, na Karani, aliyesikia neno kupakua, alijiinua kwa shida akaja kuweka kidevu chake juu ya paja la shangazi. Shangazi akampa mkono, akaulamba.

Nimewaza sana juu ya jioni ile. Nimefundisha watoto wa watu kwa maisha yangu yote na nimelea wangu, na nimeona akina mama wengi wakimpa mtoto kila anachotaka kwa sababu kuna jambo jingine ambalo hawawezi kumpa. Ni rahisi kuwacheka. Lakini shangazi hakuwa mjinga. Alikuwa akijua kondoo aliyeanza kuugua kabla hata kondoo mwenyewe hajajua, na kila mtu pale kijijini alimwendea kuuliza. Angekuwa mbwa wa mtu mwingine, angesema yale yale ya Mzee Yeremia. Lakini kwa muda mrefu hapakuwa na habari yoyote ya Eliamani, na mbwa yule aliyekuwa akila na kushiba mbele ya macho yake ndiye aliyekuwa habari yake pekee. Karani akilamba sahani mpaka ing'ae, siku ilikwenda vizuri. Siku aliyosusa, shangazi naye hakula.

Na alianza kususa. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Miguu yake ya nyuma ilikuwa inatetemeka alipopanda kizingiti, na alikunywa maji mengi mno, akimaliza bakuli na kuja kutusimamia tuongeze. Palipokuwa na mteremko alikaa chini na kungoja abebwe. Shangazi alimtengenezea uji wa ndizi na samli, akimlisha kwa kiganja, akimbembeleza kwa maneno ambayo mimi sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Yaani dawa ya kula kupita kiasi ilikuwa chakula kilaini zaidi. Nanzia alinitazama, nami nikamtazama, na tukaendelea kuchochea kuni, kwa kuwa tulishaona kilichotokea siku ile ya ungo.

Ndipo ikaja habari ya treni. Vita ilikuwa imekwisha, kengele ya kanisa ilikuwa imepigwa na tulikuwa tumeimba, lakini wanaume walikuwa wakirudi mmoja mmoja kama matone kwenye bomba bovu. Kijana mmoja aliyepanda kutoka Makanya alisema kwamba treni ya askari itapita, itasimama stesheni kuteremsha watu wa milimani. Shangazi alianza kufunga mzigo kabla kijana hajamaliza kunywa maji. Alipika makande, akayafunga, akachukua sahani ya bati, na akamfunga Karani kamba shingoni, juu ya ile kola yake nyeupe.

"Mama, huyo hafiki," Nanzia alisema.

"Ataachwaje? Eliamani alisema nikirudi nimkute. Akishuka kwenye treni asimwone, atadhani nini?"

Mzee Yeremia alikuwa amesimama nje na fimbo yake. Alitazama mbwa, akatazama jua, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nadhani aliogopa uso wa shangazi siku ile. Mimi mwenyewe niliuogopa, ulikuwa umechangamka kama wa msichana.

Tuliteremka pole pole, watu watatu na mbwa mmoja, njia ile ya mawe inayozunguka zunguka mpaka ukungu unakwisha na miti inageuka kuwa miiba. Kuteremka hakukumshinda sana Karani, uzito wake ulimsaidia. Lakini chini Makanya joto lilitupokea usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, na mbwa yule aliyezoea gunia mbele ya moto na ukungu mlangoni hakuwa amewahi kukutana na jua la namna hiyo akiwa na mwili wa namna hiyo. Alilala chini ya benchi la stesheni, ulimi nje, ubavu ukipanda na kushuka. Shangazi alimpa maziwa, akampa makande, akamwambia, "Anakuja, anakuja." Alikula yote. Nakumbuka nilifurahi kwamba amekula.

Treni ilikuja alasiri na ilisimama. Kweli walishuka watu, wachache, wenye makoti makubwa na nyuso ambazo mama zao walizitafuta kwanza kabla ya kupiga vigelegele. Shangazi alitembea kando ya mabehewa akiwa ameshika kamba kwa mkono mmoja na sahani kwa mkono mwingine, akimvuta Karani, akiita jina la mwanawe kwa kila dirisha. Askari mmoja alicheka akasema, "Mama, huyo ni mbwa au kiboko?" Wenzake wakacheka naye, bila ubaya, walikuwa wamechoka. Mwingine akasema hamjui Eliamani. Mwingine akasema wako wengi bado, watakuja na meli nyingine. Kisha treni ikaondoka, na shangazi akabaki anaangalia reli. Sisi tulimwomba tulale kwa watu pale Makanya, tupande kukipoa, lakini alisema nani atapakua leo jioni. Sahani haikuwa imewahi kukosa kulala mahali pake. Tukaanza kupanda jua likiwa bado kali.

Hatukufika hata kwenye miti. Karani alikaa chini mara ya kwanza, akanyanyuliwa. Akakaa tena. Mara ya tatu hakukaa, alianguka ubavu, na pumzi yake ilikuwa na sauti ya msumeno kwenye mti mbichi. Nanzia alikimbia kutafuta maji, na korongo lilikuwa kavu. Shangazi alivua khanga yake ya juu, akamfunga mbwa mgongoni kama mtoto, mimi nikimsaidia kunyanyua, na sijui hata leo tuliwezaje, maana alikuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi. Alipanda naye hivyo, ameinama mpaka vidole vyake vinagusa mawe, na njia nzima alikuwa anasema naye: karibu tumefika, mwanangu, karibu, kuna maziwa nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma. Niliona kichwa cha Karani kikitikisika juu ya bega lake, na baadaye niliona kikitikisika kwa namna nyingine, na nilijua. Nanzia alirudi na maji kidogo kwenye jani, akaona, akayamwaga chini. Shangazi aliendelea kupanda na mbwa aliyekufa mgongoni, akimwahidi maziwa, mpaka alipochoka akakaa, akamfungua, akamgeuza.

Hakupiga kelele. Alimfuta vumbi machoni kwa pindo la khanga. Aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ni mkubwa na yeye ndiye mtoto, "Nitamwambia nini?"

Tulimzika pale pale kwa mikono na kwa sahani ya bati, tukichotea udongo, na tukamfunika kwa mawe. Jioni hiyo shangazi aliiosha sahani mara nyingi. Halafu akapakua, akaijaza vile vile, akaifunika, akasema, "Ya Eliamani hiyo." Asubuhi ilikuwepo, imejaa, imeota utando, na sote watatu tukaitazama. Hapakuwa tena na wa kuila. Shangazi aliichukua akaenda nayo kwenye mfereji, akamimina chakula majini, na maji yakakichukua kuelekea tambarare. Akafanya hivyo kila asubuhi. Watu walianza kunong'ona, maana mvua zilikuwa zimechelewa na mahindi hayakuwa ya kumwagwa. Nilimsikia mke wa Mzee Yeremia akisema nyuma ya uzio kwamba mbwa amekwenda na akili ya mwenyewe. Shangazi alizidi kukonda. Hakusema kwamba anaamini Eliamani amekufa, lakini alipotaja jina lake jioni, sauti yake ilishuka, kama tunavyowataja waliotangulia.

Eliamani alirudi. Alipanda peke yake mchana mmoja wa mvua, hakuna aliyemtarajia, koti limemlowa, uso umekuwa mfupa mtupu. Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Alikaa pale pale chini na kisu mkononi, na ni mwanawe aliyepiga magoti. Sitaelezea zaidi, kila mtu ana mama. Majirani walijaa, Mzee Yeremia mbele. Eliamani alipokwisha kukumbatiwa na wote alitazama huku na huku mlangoni, akapiga mluzi mdogo, akauliza, "Karani yuko wapi?"

Nanzia ndiye aliyejibu. "Amekufa."

"Chui?"

"Hapana. Alinenepa."

Eliamani alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na watu wakacheka naye kwa furaha ya kumwona hai. Shangazi alijikaza akamweleza yote mwenyewe, sahani na treni na njia ya mawe, akitazama mikono yake, kama mtu aliyesimama barazani mbele ya jumbe. Eliamani alisikiliza huku akitikisa kichwa. "Kwa hiyo miaka yote hiyo Karani ndiye aliyekula chakula changu," alisema. "Mimi kule nakula biskuti ngumu kama vigae!" Watu wakacheka zaidi. Kisha chakula kikaiva. Shangazi alishika upawa wake, akamtazama mwanawe usoni, akapakua. Alikula. Akamwongeza, akala pole pole. Tumbo lake lilikuwa limezoea chakula kidogo, hilo tulilielewa baadaye. Mama yake alipoleta upawa mara ya tatu, aliweka kiganja juu ya sahani, akatabasamu, akasema kwa sauti ya utani ya mbele ya wageni:

"Basi, Mama. Utaniua kama ulivyomuua Karani."

Jiko lote liliangua kicheko. Mzee Yeremia alipiga paja lake. Shangazi naye alicheka, nilimwona, meno yote nje. Upawa ulikuwa umejaa, umesimama hewani kati ya chungu na sahani. Aliurudisha kwenye chungu na yaliyomo, taratibu, asimwage hata punje.

Kesho yake jioni, makande yalipoiva, alimwambia Nanzia, "Pakua wewe." Tulidhani amechoka na wageni. Kesho kutwa akasema hivyo tena. Tangu siku ile mpaka alipokufa, Shangazi Namkunda alipika kila siku na hakumpakulia mtu yeyote. Nanzia alipoolewa, akapakua mtoto wa jirani. Asipokuwepo mtu, alisogeza chungu karibu na mgeni, akampa upawa, na yeye akageuza uso kuelekea mlangoni mpaka mtu amalize. Eliamani alioa, akajenga ng'ambo ya mfereji, akawa anakuja kula kwa mama yake, na yeye pia alisogezewa chungu. Mwanzoni alimtania, "Mama, siku hizi umekuwa Mzungu?" Baadaye aliacha kutania, na baadaye tena akaacha kuja jioni, akawa anakuja asubuhi tu kumjulia hali. Mimi niliondoka Vudee mwaka ule ulipokwisha, lakini nilirudi kila nilipopata likizo, na mara moja, nikiwa tayari mwalimu, nilimshikia upawa na kumwambia, "Shangazi, leo nipakulie wewe. Nimetoka mbali." Aliuangalia kwa muda. "Mkono wangu haujui kiasi, mwanangu," alisema. "Chukua kinachokutosha." Nilichukua kidogo.

Alikufa mzee, kitandani mwake. Siku ya maziko mimi na Nanzia tulikuwa nyuma ya nyumba tukimenya ndizi za wageni, na Eliamani alikuwa amekaa na wanaume upande wa pili wa ukuta. Alikuwa na mvi wakati huo. Tulimsikia akisema, si kwa uchungu, bali kama mtu anayesema jambo alilolizoea zamani: "Nilipokuwa vitani mama yangu alinipakulia kila jioni, na mimi sipo. Niliporudi hakunipakulia tena maisha yake yote. Nadhani alimpenda yule aliyekwenda. Huyu aliyerudi hakumzoea."

Nanzia aliweka kisu chini. Nilimshika mkono, akauvuta. Alizunguka ukuta, nami nikamfuata, na mbele ya wanaume wote akamwambia kaka yake kile ambacho sisi wawili tulikuwa tumekibeba: kwamba mama alikuwa anaogopa mkono wake mwenyewe, na kwamba aliyemwogopesha ni yeye, kwa maneno yale, jioni ile aliyorudi, kwenye upawa wa tatu.

Eliamani alimtazama, akanitazama na mimi, akitafuta kama tunamtania.

"Nilisema hivyo?" aliuliza. "Mimi?"

"Ulisema," Nanzia alijibu. "Watu walicheka."

Alikaa na kofia yake mikononi. Midomo yake ilikuwa inatembea, kana kwamba anayajaribu maneno yale kuona kama yanamwenea mdomoni.

"Sikumbuki," alisema mwishowe. "Nanzia, jamani, mimi hata chakula cha siku ile sikikumbuki."